Duara Jeusi kwenye Meza ya Baba

Chumba cha nyuma, ghorofa ya tatu,
Nyumbani kwa mkwe wangu,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Salamu nyingi zikufikie ukiwa umekaa. Nimesema ukiwa umekaa kwa makusudi, na sababu yake utaiona mbele. U hali gani? Goti la kushoto limepoa, au bado linakutabiria mvua? Na macho? Mwanao alinieleza kwamba daktari amekupa miwani mpya, nawe umeifungia kabatini isije ikachakaa. Itoe, tafadhali. Barua hii ina vipimo.

Mimi sijambo. Kifua kilinisumbua wiki mbili za baridi, kikaniacha. Sikio la kulia linazidi kuwa zito, jambo lenye faida zake, kwa kuwa jirani wa ghorofa ya juu anajifunza kupiga tarumbeta. Vidole bado vinakunja karatasi sawasawa. Kazi ya kujalidi vitabu niliiacha miaka saba iliyopita, lakini haipiti miezi miwili bila mtu kuniletea kitabu kilichoachia mgongo, nami nakipokea kana kwamba nilikuwa nikikingoja mlangoni.

Barua yako ya mwisho wa mwaka nimeisoma mara nne. Uliwapa watu wote wa nyumba yako kurasa tatu, wewe mwenyewe ukajipa mstari mmoja. Bahati nzuri mwanao alipiga simu akanijazia. Aliniambia, huku akicheka, kwamba mpaka leo hunywi chai sebuleni. Wageni wakija unawaandalia, unawakaribisha, unawamiminia, kisha yako unakwenda kuinywa jikoni, umesimama, umeegemea kabati la vyombo. Alisema, "Mjomba, mama ana nyumba yake mwenyewe na anaishi kama mpangaji." Nilicheka naye. Simu ilipokatika niliitoa barua yako nikaisoma tena.

Weka hilo pembeni kidogo. Nikueleze kwanza mambo ya huku.

Mkwe wangu unamjua kwa picha: yule mrefu, mpima ardhi, mtu wa maneno machache. Nyumbani kwake kuna vile vibao vya mviringo ambavyo bibi yetu aliviita vikalio vya vikombe. Vyake ni vya gome jepesi, lile wanalozibia chupa. Nimekuwa nikimtazama kwa miaka yote niliyokaa naye, na bado sijamkamata akimwambia mgeni, "Weka kikombe hapa." Hasemi. Mgeni akinyanyua glasi anywe, mkwe anainama kama anayeokota kitu, na glasi inaposhuka inakuta kikalio kimeshafika. Nusu ya wageni hawajui kama kuna kilichofanyika. Mke wa jirani alikunywa juisi glasi mbili hapa, akaondoka akiisifu meza kwamba inajitunza yenyewe.

Mimi peke yangu sikukubali vikalio vyake. Nina changu. Unakikumbuka? Kile cha ngozi ya sanduku kuukuu, chenye pembetatu iliyochomwa kwa msumari wa moto. Siku ile niliyoondoka kwetu, nilichukua begi moja tu, na ndani yake nikatia mtungi wa gundi. Kikalio kilikuwa kimeganda chini ya mtungi. Nilikigundua baada ya kuvuka mipaka miwili. Miaka arobaini na moja nimekuwa nikiweka kikombe juu yake katika kila chumba nilicholala, na nakiri kwamba nilijivunia. Niliwaambia hapa kwamba baba yetu alitufundisha adabu ya meza kabla wao hawajazaliwa.

Basi mwezi uliopita mkwe alinunua meza mpya ya sebuleni, iliyong'arishwa mpaka unaweza kunyolea ndevu ndani yake. Jioni ya kwanza niliweka kikalio changu, nikaweka kikombe cha chai ya moto juu yake, nikasoma gazeti. Nilipokinyanyua, chini yake palikuwa na doa jeupe, duara kamili, kama mwezi. Ngozi ilikuwa imechoka, Chiriku. Ilikuwa ikinywa chai na kuilalia meza ikiwa imelowa. Binti yangu aliangalia dari. Mkwe alisema, "Si kitu, baba," na ungekuwepo ungejua kwamba afadhali angefoka.

Akaitwa fundi wa samani, jamaa mfupi ambaye mtaa mzima unamwita Msasa. Nilitaka kujificha chumbani, lakini udadisi ulinishinda, nikavuta kiti nikakaa karibu na mikono yake, kama nilivyokuwa nikikaa karibu na mikono ya bibi akifuma. Alitandika kitambaa kikavu cha pamba juu ya doa, akapitisha pasi ya moto mdogo, taratibu, akiinua na kuchungulia. Mara ya tano doa halikuwepo. Nilimwuliza limekwenda wapi. Akaniambia kwamba doa jeupe halijafika kwenye mbao. Ni unyevu uliokwama ndani ya vanishi, na joto linaufungulia mlango ukatoka. Kisha akachukua kikalio changu, akakigeuza, akakinusa.

"Mzee, hiki kinakunywa chai kuliko wewe," alisema.

Nikamwuliza, kwa kuuliza tu, doa likiwa jeusi inakuwaje. Akasema hilo ni jambo jingine. Jeusi limeshavuka vanishi, limeingia kwenye mbao yenyewe, na halifanyiki kwa siku moja wala kwa kikombe cha mtu aliyekunywa akaondoka. Linataka maji yakae siku nyingi pale pale. Na mara nyingi, alisema huku akizungusha waya wa pasi, linataka na chuma.

Nilimwomba arudie. Akarudia, kwa sauti kubwa, akidhani ni sikio.

Lakini nilikuwa nimesikia vizuri. Wewe unajua kazi yangu. Vitabu vya zamani kabisa vilivyopita mikononi mwangu viliandikwa kwa wino uliopikwa kwa kutu ya chuma na maji ya magome ya miti. Vikikutana vinakuwa vyeusi na havifutiki. Mbao nzito kama ile ya meza ya baba ina maji hayo hayo ndani yake. Nimeshika wino huo maisha yangu yote, na sikuwahi kufikiri kwamba duara lile la nyumbani kwetu ni wino.

Sasa turudi huko, mdogo wangu. Najua hupendi, na nitakwenda polepole.

Ulikuwa na miaka tisa, mimi kumi na miwili. Kitambaa cha bibi cha kufuma, kilichofunika ile ncha ya meza iliyo karibu na dirisha, kilitolewa kufuliwa kwa ajili ya wageni wa baba wa kazini. Chini yake palikuwa na duara jeusi. Na mchana ule ule ulionekana umekaa pale na kikombe chako cha udongo, kile cha ua la bluu. Baba alituita, akatuuliza mmoja mmoja, kwa upole ule wake wa kikarani ambao ulitisha kuliko fimbo. Mimi nilisema sijui. Wewe ulisema si wewe. Baba aliuliza tena, nawe ukasema si wewe, na kwa kuwa ulikuwa msemaji sana siku nyingine zote, maneno mawili matupu yalionekana kama kuficha.

Hakukupiga. Alichukua sanduku la ngozi lililokufa bawaba, akakata vikalio vitano kwa mkasi wa fundi viatu. Akamwuliza kila mtu anataka alama gani, akaichoma kwa msumari. Yeye mwenyewe alijichomea msalaba mdogo kama ule aliouweka kwenye hesabu iliyohakikiwa. Mama alitaka nyota. Bibi alisema achomewe mstari mmoja, hana umri wa kuhangaika na mapambo, halafu akaongeza kwamba hata kikombe kinahitaji kikalio, na mama akaenda kuchekea nje. Mimi nilitaka pembetatu. Cha tano alikitia kwenye droo bila alama, akakutazama.

"Chako kipo," alisema. "Kitakungoja mpaka siku utakaposema kweli. Mpaka hapo, chai yako ni ya jikoni."

Ukanywa jikoni. Sote tulidhani ni wiki moja. Lakini huwezi kusema kweli nyingine kama uliyonayo umeshaisema, nayo imekataliwa, na baba hakuwa mtu wa kurudi nyuma. Ikawa mwezi, ikawa mwaka, ikawa desturi ambayo hakuna tena aliyeiona. Ulipoolewa ulitoka kupitia mlango wa jikoni. Nilidhani unafanya mzaha.

Kuna jambo moja ambalo sijawahi kulisema kwa mtu, na nadhani wewe hujalisahau. Siku ya pili yake ulikuja kunivuta mkono nikiwa nasoma. Ulikuwa umekichukua kikombe chako cha ua la bluu kwa siri, ukakiweka juu ya doa.

"Kaka, njoo uone," ulisema. "Kikombe changu kinaingia ndani. Nafasi inabaki pande zote."

Nilikuja. Nikaona. Nafasi ilikuwa inabaki pande zote. Nikakuambia uache, baba amelala kidogo, utamwamsha. Kisha nikarudi kwenye kitabu changu.

Nimejiuliza wiki hizi kama wakati ule nilijua. Jibu langu, na nimelichunguza pande zote kama kitabu ninachotaka kukipangia bei, ni kwamba sikujua. Lakini niliona kikombe hakitoshei, na sikuuliza ni nini kingetosha. Mtoto aliyesifiwa darasani kwa kuuliza maswali hakuuliza hilo moja.

Kwa sababu kilichotosha, Chiriku, nadhani ni kopo langu la maharage.

Unakumbuka mwalimu wetu wa sayansi alituagiza tuoteshe maharage kwenye pamba iliyolowa? Nilichukua kopo la maziwa mazito, nikalitoboa chini kwa msumari ili maji yasituame, kama alivyoelekeza. Kwa kuwa baba asingekubali kopo sebuleni, nililificha nyuma ya redio, kwenye ncha ile ile ya meza penye jua la dirishani, juu ya mbao tupu, na ukingo wa kitambaa cha bibi nikauvutia mbele ulizibe. Nililimwagilia kila asubuhi kwa siku kumi na mbili. Kopo lenye matundu yanayoota kutu, maji, mbao. Nikakirudisha kitambaa mahali pake bila kutazama, nikalipeleka kopo shuleni, likashika nafasi ya kwanza. Baada ya siku kadhaa kitambaa kikatolewa kufuliwa, na mimi wala sikuliwaza kopo, kwa kuwa kila mtu alikuwa akizungumza habari ya kikombe.

Basi tangu Msasa aondoke sikutulia. Nilikwenda dukani na rula. Mwenye duka ni mama mmoja mwenye mdomo mwepesi, aliniacha nipime makopo matatu ya maziwa mazito, kisha akauliza, "Babu, unanunua maziwa au unanunua kopo?" Nikamwambia kopo, maziwa achukue. Aliyafungua akayamimina kwenye bakuli lake, akaniambia wateja kama mimi waje kila siku. Kwa mujibu wake makopo hayo hayajabadilika ukubwa tangu enzi za mama yake. Sina njia ya kulithibitisha. Ukingo wa chini una upana wa sentimita saba na milimita tatu.

Nilimwomba Msasa kipande cha mbao nzito, akanipa bila kuuliza, mafundi wanaelewana. Upande mmoja niliweka kopo lililotobolewa, na pamba, na maharage matatu. Upande wa pili niliweka kikombe cha chai kila alasiri, nikakinywa, nikakiondoa. Yote haya dirishani, chumbani kwangu. Binti yangu alimnong'oneza mumewe kwamba baba ameanza kilimo.

Siku ya tano nilinyanyua kopo nione maendeleo, nikakuta mkwe amepita nyuma yangu na kuliwekea kikalio cha gome. Kwa adabu yake tu. Alikiona kitu kilicholowa juu ya mbao na mkono ukaenda wenyewe. Nilipoteza siku nzima. Ilibidi nimkalishe nimweleze hadithi yote, tangu kitambaa cha bibi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja, la mpima ardhi: "Duara la kule nyumbani, upana wake ni sentimita ngapi?"

Hakuna aliyewahi kulipima, isipokuwa mtoto wa miaka tisa, kwa kikombe.

Siku ya tisa niliondoa kopo. Duara jeusi, jembamba, safi kama limechorwa kwa bikari. Upande wa kikombe, hakuna kitu. Nimepitisha kidole, nimetazama kwa lenzi. Maharage mawili kati ya matatu yameota, moja lina majani mawili.

Hata hivyo sitaki kukufanyia alivyokufanyia baba, kuamua kwanza na kupima baadaye au kutopima kabisa. Inawezekana mbao yangu si sawa na ile. Inawezekana kulikuwa na kitu kingine kwenye meza ile ambacho mimi na wewe hatukukijua. Ushahidi wenyewe unao wewe, kwa kuwa wewe ndiye uliyebaki, na meza ilibaki nawe. Mwanao ananiambia umeifunika kwa kitambaa cha plastiki tangu azaliwe, na kwamba hajawahi kuona uso wake.

Ndani ya bahasha hii kuna duara. Nimelikata kwa kadi ngumu ya kujalidia, nikalivisha kitambaa cha jalada, rangi ya damu ya mzee, kipande cha mwisho nilichokuwa nacho, nikalipaka nta ya nyuki mara tatu. Nililiachia tone la maji usiku kucha na asubuhi tone lilikuwa limekaa juu yake zima, halikunywewa. Upana wake ni sentimita saba na milimita tatu, sawasawa. Nimelipima mara nyingi kuliko ninavyoweza kukwambia bila aibu.

Nakuomba hivi. Vaa miwani. Funua meza. Tafuta duara lile kwenye ncha ya dirishani, uweke hili juu yake. Likipungua au likizidi, niandikie kiasi gani, nami nitaanza upya kutafuta, hata kama ni kwa kupima kila kopo la dunia hii. Likitoshea pande zote, basi ni mimi. Miaka sitini na miwili umekunywa chai yangu ya jikoni.

Sijui neno la kuomba radhi kwa kitu kirefu hivyo, na wewe unanijua, ningelitafuta kwenye kamusi. Nasema tu kwamba ulisema kweli mara ya kwanza, na mara ya pili, na uliileta kweli yenyewe mkononi ukanionyesha, nami nikakuambia usimwamshe baba. Laiti angeamka.

Ukishapima, usiliondoe. Weka kikombe chako juu yake. Kinaingia ndani, nafasi inabaki pande zote. Kisha vuta kiti, ukae. Kuhusu doa, ukitaka kuita fundi alikwangue, mwite, usipotaka, liache. Ni lako kuamua, si la baba wala langu.

Nisalimie shemeji, mwambie asiache kutembea asubuhi hata kama viatu vinambana. Msalimie mwanao mwalimu, na umwambie mjomba hacheki tena juu ya lile jambo la mpangaji. Wajukuu pacha wape mkono mmoja mmoja, wasidai kwamba mmoja amependelewa. Salamu kwa mama wa nyumba ya pili aliyekuletea uji ulipougua. Simjui, lakini namkumbuka kila jioni. Huku binti yangu anakusalimu, na mkwe anakusalimu sana, akisema anangoja kipimo.

Mungu akulinde mwili na moyo, akupe siku ndefu zenye chai ya moto na mahali pa kuketi.

Ni mimi kaka yako, anayekupenda tangu kabla hujajua kusema, na aliyechelewa kuuliza,

Gundi

Nimeifungua bahasha tena kuongeza hili. Utaona kwamba duara halina alama. Sikusahau. Baba alimwuliza kila mtu siku ile, isipokuwa wewe. Msumari ninao, na moto upo. Ukishapima, na ukishainywa chai yako ya kwanza juu yake, lirudishe kwa posta, nami nitakuchomea siku hiyo hiyo na kukurudishia. Sasa nakuuliza, mdogo wangu: unataka alama gani?